Kuzima kwa Rimoti si Kuzima

Kwa muda mrefu nyumbani kwetu Mbweni, Unguja, tulikuwa tukigombana na mita. Unanunua umeme Ijumaa, unaingiza tarakimu za Tukuza, mfumo wetu wa umeme wa kulipia kabla, moja baada ya moja, na Ijumaa ya pili haijafika mita imeanza kulia. Aliyeshukiwa kwanza alikuwa pasi, kisha kijana anayepiga pasi, kisha friji, mwisho mita yenyewe. Mama yangu alikuwa na hakika kwamba mita imeharibika. "Mwanangu, mimi kila usiku nazima kila kitu kwa mkono wangu," aliniambia, akaunyanyua huo mkono, na ndani yake mlikuwa na rimoti.

Usiku ule, watu walipokwisha kulala, nilizima taa zote nikasimama sebuleni. Nilitarajia giza, sikulipata. Televisheni ilikuwa na kitone chekundu. King'amuzi kilikuwa kikionesha saa kwa tarakimu za kijani. Sabufa ilikuwa na taa ya buluu iliyotosha kunionesha njia hadi mlangoni. Stabilaiza mbili, ya televisheni na ya friji, zilikuwa zikinguruma taratibu, na nilipoiwekea mkono ile ya friji niliikuta ina uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Kwenye meza ya kompyuta kulikuwa na taa ya printa, taa ya kioo na taa ya vipaza sauti. Jikoni maikrowevu ilikuwa ikihesabu saa ambazo hakuna aliyeziangalia.

Ule uvuguvugu ndio ulionifungua macho kuliko zile taa. Taa ndogo yenyewe hula umeme mdogo sana. Lakini kitu kilichozimwa kikiwa na joto, joto hilo limetoka mahali, nalo limetoka kwenye mita. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha upotevu unacho tayari, nacho ni kiganja chako. Zunguka nyumbani usiku, gusa mgongo wa kila kifaa ambacho hakitumiki. Kilicho baridi kiache, chenye joto kiandike.

Rimoti haikati waya. Inapeleka ujumbe tu, na ili ujumbe upokewe, ndani ya kifaa lazima pawe na kitu kilicho macho, kinachosikiliza usiku na mchana kama bawabu anayengoja hodi. Bawabu huyo analipwa mshahara, nawe ndiye unayemlipa. Vifaa vingine havina hata rimoti lakini swichi yao imewekwa ndani, baada ya transfoma. Ukiizima, sauti inanyamaza na taa inazimika, ilhali transfoma iliyoko karibu na waya wa ukutani inaendelea kupata moto. Redio za zamani, sabufa za bei nafuu na vipaza sauti vya kompyuta vingi vimetengenezwa hivyo.

Jambo hili limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Alan Meier, mtafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California, alianza kulipima miaka ya 1990, akapendekeza kwamba kifaa chochote kinachosubiri kisile zaidi ya wati 1. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lililichukua pendekezo hilo. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2008: kuanzia 2010 kifaa kilichozimwa kisizidi wati 1, na kuanzia 2013 kisizidi nusu wati. Ndiyo sababu televisheni mpya uliyoinunua dukani mtaa wa Mlandege huenda isiwe na kosa kubwa. Viwanda vinavyouza Ulaya hutengeneza kwa kanuni za huko, na sisi tunafaidika bila kuzitunga. Lakini nyumba zetu hazijai vitu vipya. Zimejaa vilivyoshuka bandarini vikiwa vimetumika, vilivyoletwa na shemeji kutoka Dubai au Muscat, na vilivyorithiwa. Kabla hujakilaumu kifaa au kukisamehe, kiulize umri wake.

Sasa hesabu, kwani bila hesabu tutaishia kugombana na watoto juu ya chaja ya simu. Mwaka una saa 8,760. Kifaa kinachokula wati 1 bila kupumzika kitamaliza uniti 8.76 kwa mwaka. Wati 10 ni uniti 87.6. Chukua risiti yako ya mwisho, gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata, utaijua bei halisi ya uniti kwako pamoja na makato yake yote. Zidisha. Kuanzia hapo utaiona kila taa nyekundu kwa shilingi.

Nilimwomba fundi mmoja aniazime kifaa kidogo cha kupimia, kile kinachochomekwa kwenye soketi halafu unachomeka kifaa chako juu yake, kikakwambia wati. Haya ndiyo niliyoyakuta, kila kitu kikiwa "kimezimwa". King'amuzi cha sebuleni wati 11. King'amuzi cha pili, cha chumbani kwa mama, wati 9. Stabilaiza ya televisheni wati 8. Sabufa wati 7. Televisheni, ambayo ni ya zamani kidogo, wati 4. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo na vipaza sauti wati 5, printa wati 4, maikrowevu wati 3. Juu ya hivyo kulikuwa na viwili vilivyokuwa na kazi: stabilaiza ya friji wati 12 na ruta ya intaneti wati 8. Chaja za simu nne, zikiwa zimechomekwa bila simu, zote pamoja hazikufika wati 1.

Jumla ni kama wati 72. Kwa siku ni uniti 1.7, kwa mwezi uniti 52 hivi. Balbu ya kisasa ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 1 na theluthi kwa mwezi. Nyumba yetu iliyolala ilikuwa ikila umeme wa balbu 38 za namna hiyo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa letu.

Huna haja ya kifaa cha kupimia ili kujua hali ya nyumba yako. Mita yenyewe itakwambia. Karibu mita zote za tarakimu zina taa ndogo inayopepesa, na kando yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh: mara nyingi 1000, 1600 au 3200. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Siku moja usiku, au mchana watu wakiwa wametoka, zima taa, mapangaboi na viyoyozi, na zima friji na friza kwa dakika kumi tu. Vingine vyote viache katika hali unayoiita "kuzimwa". Kisha shika saa, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kama mita yako ni ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Kama ni ya 1600, gawa 2,250. Kama ni ya 3200, gawa 1,125. Jibu ni wati. Yetu ya 1000 ilipepesa kila baada ya sekunde 50, na 3,600 ukigawa kwa 50 ni 72, sawa kabisa na kile kifaa cha fundi. Usisahau kuirudisha friji. Andika kwenye karatasi, "washa friji", uibandike mlangoni, maana samaki wa jana hawatakuhurumia.

Ikiwa mita iko juu ya nguzo au ukutani nje na huioni vizuri, tumia njia ya masheikh: soma uniti zilizobaki unapokwenda kulala, zisome tena ukiamka kwa sala ya Alfajiri. Friji itakuwa ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo haitakuwa safi, lakini ukiifanya usiku tatu kama ulivyozoea, kisha usiku tatu umezima ukutani, tofauti utaiona mwenyewe.

Katika orodha yangu aliyenishangaza zaidi ni king'amuzi. Watu wengi huamini ni kidude kidogo, kijiboksi tu chini ya televisheni kubwa, basi nacho kitakula kidogo. Ni kinyume. Ving'amuzi vingi, hasa vya zamani, ukivibonyeza rimoti huzima picha na kuondoa tarakimu, lakini ndani kazi ni ile ile: vinaendelea kupokea mawimbi, vinaendelea kupeleka umeme hadi kwenye kichwa cha dishi kule juu ya paa. Tofauti ya king'amuzi kikiwashwa na kikizimwa inaweza kuwa wati moja au mbili tu. Kwetu televisheni huwaka saa 5 hivi kwa siku, taarifa ya habari, tamthilia, na mpira wikiendi. Saa 19 zilizobaki king'amuzi kilikuwa kikitazama kipindi peke yake.

Nilipomweleza mama, aliuliza swali la maana: "Nikikizima ukutani, chaneli zangu hazitapotea?" Hazitapotea. Kinapowashwa kitachukua dakika moja au mbili kujitafuta, na kama kuna programu mpya ya kupakua kitaipakua wakati huo. Mwenye king'amuzi kinachorekodi vipindi usiku akiache. Asiyerekodi hana sababu.

Dawa yake ni rahisi, na hapa tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Soketi zetu, za pini tatu za mstatili tulizorithi kwa Waingereza, zina swichi ukutani. Huko Ulaya bara na Marekani soketi nyingi hazina, mtu analazimika kung'oa plagi. Tatizo letu ni kwamba swichi hiyo imefichwa nyuma ya kabati la televisheni, na hakuna mtu wa miaka sabini atakayeinama nyuma ya kabati kila usiku. Kwa hiyo nilinunua ekstensheni nzuri yenye swichi na fyuzi, nikaunganisha pale televisheni, king'amuzi, sabufa na stabilaiza yao, nikaivuta swichi hadi pembeni ya kabati, mahali mkono wa mtu aliyekaa kwenye kochi unapofika. Sasa mama anabonyeza rimoti kwanza, kisha swichi. Vitu vinne vinakufa kwa kidole kimoja.

Neno moja la tahadhari juu ya ekstensheni. Plagi ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani wati zisizofika 3,000. Televisheni na wenzake ni wepesi. Lakini usije ukaichomekea ekstensheni hiyo pasi, birika la umeme, friza au hita. Na sisi tunaokaa karibu na bahari, hewa ya chumvi huzila soketi: zikilegea, zikitoa cheche au zikigeuka rangi ya kahawia, mwite fundi azibadilishe. Kuokoa uniti mbili na kuunguza nyumba si biashara.

Stabilaiza inahitaji maneno yake, kwa kuwa Unguja nyumba nyingi zinayo na kila mtu ana sababu ya kuwa nayo. Umeme hushuka hadi balbu zikawa kama mshumaa, kisha hurudi kwa nguvu, na friji ya watu imekwenda. Simlaumu anayejikinga. Ila stabilaiza ni transfoma, na transfoma hula umeme hata ikiwa haihudumii kitu. Ya friji iache, ina kazi saa zote. Ya televisheni izime pamoja na televisheni. Tena hapo unapata faida ya pili: kifaa kilichokatwa ukutani hakiunguzwi na umeme unaorudi kwa kishindo usiku wa manane. Televisheni nyingi za kisasa hukubali umeme kuanzia volti 100 hadi 240, angalia nyuma yake palipoandikwa. Kama ndivyo, stabilaiza ya televisheni huenda huihitaji kabisa, na kinga ndogo inayokata umeme unapopanda itatosha.

Chaja za simu nimekwisha kuzitaja. Chaja nzuri isiyo na simu hula sehemu ya kumi hadi tatu ya kumi ya wati. Zetu nne kwa mwaka mzima hazifiki uniti 9. Zing'oe kwa usalama, hasa zile za bandia zinazopata moto, lakini usiamini kwamba ukizing'oa umemaliza kazi. Nimewaona watu wakikimbilia kung'oa chaja huku hita ya maji imewashwa tangu jana.

Hita ndiyo mfalme wa kusubiri, ingawa haina taa nyekundu ya kutisha. Tangi la lita 50 likiachwa limewashwa siku nzima huyaweka maji moto, yanapoa, linayapasha tena, bila mtu kuoga. Joto linalovuja kwenye ukuta wake laweza kufika uniti 1 kwa siku, na hapo hujatumia hata kata moja. Maji yetu hayana baridi ya Ulaya. Kuyapasha lita 50 hadi joto la kuogea kunahitaji robo tatu ya saa tu kwa hita ya wati 1,500. Washa, ngoja, oga, zima. Katika miezi ya kaskazi wengi hatuihitaji kabisa.

Kiyoyozi nacho, ukikizima kwa rimoti, kinabaki kikisikiliza. Kina swichi yake kubwa ukutani, itumie. Na kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, kikate kabisa hadi joto lirudi. Waliojenga Mbweni ya zamani, ile shule ya wasichana waliotolewa utumwani iliyojengwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA miaka ya 1870, ambayo magofu yake bado yako hapa, walitegemea kuta nene, madirisha marefu na upepo wa bahari. Upepo huo bado unavuma bure kila alasiri.

Sasa kompyuta. Hapa nataka nizungumze na wenye ofisi, walimu wakuu na wenye vyuo, kwa sababu nyumba moja ina kompyuta moja, ofisi ina ishirini.

Kompyuta ina hali tatu ambazo watu huzichanganya. Ikiwa imewashwa na hakuna anayeitumia, ya mezani inaweza kula wati 50 au zaidi pasipo kazi yoyote. Ikiwa katika usingizi, kumbukumbu yake ikabaki hai na vingine vikapumzika, hula wati 2 hadi 5, na huamka kwa sekunde chache. Ikiwa imezimwa kwa utaratibu, bado hula wati 1 au 2 mpaka ukate ukutani. Picha zinazocheza kwenye kioo wakati hakuna mtu, samaki wanaoogelea na nembo inayorukaruka, haziokoi chochote. Ziliwekwa zamani kuvilinda vioo vya bomba visiungue. Kioo cha leo kinahitaji kuzimika tu.

Tuseme ofisi yako hufungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri. Kompyuta iliyoachwa inawaka hadi kesho yake imekaa saa 16 bila mtu, na kwa wati 50 hiyo ni uniti 0.8 kwa usiku mmoja. Wiki ina saa 168, za kazi ni 40. Saa 128 zilizobaki zitakula uniti 6.4 kwa kompyuta moja, na kwa kompyuta ishirini ni uniti 128 kila wiki. Fedha za uniti hizo zingenunua karatasi, chaki na wino, na mara nyingi hivyo ndivyo ofisi inavyosema haina.

Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta yako leo. Weka kioo kizimike baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya dakika 15. Mchana ukienda kusali au kula, ilale. Jioni izime kwa utaratibu wake mwenyewe, ngoja hadi feni inyamaze, ndipo ukate swichi ya ukutani. Usikate swichi kabla haijamaliza, utaharibu mafaili. Printa ya wino izime kwanza kwa kitufe chake, ili iyafunike matundu ya wino yasikauke, halafu ndipo ukutani. UPS ni kama stabilaiza, hula umeme muda wote. Ikiwa kompyuta imezimwa na betri imejaa, UPS haina inachokilinda usiku. Chumba cha seva na simu za dharura havimo katika maneno haya. Na kama uko katika ununuzi, chagua kompyuta mpakato badala ya ya mezani: ikifanya kazi ile ile ya barua na hesabu hula nusu au hata robo ya umeme, na umeme ukikatika ina betri yake.

Ruta ya intaneti mimi nimeiacha. Wati 8 kwa saa nane za usiku ni uniti 2 hivi kwa mwezi. Mwenye kutaka kuzima azime. Sisi tuna ndugu Toronto, wao wakitoka kazini sisi tumelala, na mama hataki kukosa simu ya mjukuu. Hiyo si hasara, ni matumizi.

Bado kuna watakaosema: umeme sasa upo, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa la megawati 2,115, ya nini kubana wati? Nawajibu kwamba Rufiji haiko Mbweni. Umeme wa Unguja unavuka bahari. Unatoka Ras Kiromoni, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, unapita chini ya maji kilomita zisizofika 40, unapanda nchi kavu Ras Fumba, kusini yetu, na kwenda Mtoni. Waya wa kwanza, uliowekwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norwei, ulikuwa wa megawati 45. Waliokuwapo Mei 2008 wanakumbuka karibu mwezi mzima wa giza. Waliokuwapo Disemba 2009 wanakumbuka zaidi: umeme ulikatika tarehe 10, ukarudi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakabebwa kwa madumu, harufu ya jenereta ikakaa mitaani miezi mitatu. Waya wa pili, wa megawati 100, uliogharimiwa na shirika la MCC la Marekani, ulianza kazi 2013, na tukapumua.

Lakini mji umekua. Chukwani ilikuwa mashamba, leo ni nyumba. Fumba ilikuwa kijiji cha wavuvi, leo kuna miji mipya. Waya chini ya bahari hauongezeki unene kwa sababu tumejenga. Tuseme nyumba 50,000 tu zina upotevu wa wati 50 kila moja. Ni megawati 2.5, mchana na usiku, zinazovuka bahari kuja kumsubiri mtu abonyeze rimoti. Zimo kwenye waya hata saa 1 ya magharibi, wakati kila nyumba inawasha taa, pangaboi na jiko, na volti zinaanza kushuka. Kisha tunanunua stabilaiza kwa sababu ya kushuka huko, na stabilaiza inaongeza wati 10 nyingine.

Pia jihadharini na wauza vidude vya "kupunguza umeme", vinavyochomekwa kwenye soketi na kuahidi kukata bili nusu. Ndani yake mara nyingi mna kapasita na taa. Mita ya nyumbani huhesabu umeme ulioutumia kwa kweli, na kidude hicho hakiupunguzi. Kinaongeza taa moja zaidi sebuleni.

Kilichofanya kazi kwetu si orodha ndefu ya masharti. Tulijaribu kumwekea kila mtu zamu, ikadumu siku nne. Tukaacha, tukaunganisha jambo hili na lile ambalo hakuna anayelisahau: kufunga nyumba. Anayefunga mlango usiku hutia komeo, huangalia madirisha, hufunga gesi, na sasa huzima swichi tatu: ya sebuleni, ya meza ya kompyuta na ya chumbani kwa mama, ambayo huizima mwenyewe. Soketi zisizoguswa, za friji, friza na ruta, nimezibandika utepe mwekundu ili mgeni asikosee. Nyumba yenye mgonjwa anayetumia mashine, au dawa ya sukari iliyomo kwenye friji, ibandike utepe huo kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Uniti moja kwa siku ndiyo iliyobaki mfukoni kwetu, thelathini kwa mwezi, na hatukuacha kutazama kipindi hata kimoja. Jana nilikwenda tena kwenye mita na saa mkononi. Taa yake, iliyokuwa ikipepesa kila sekunde 50, sasa inapepesa mara moja kila baada ya karibu dakika 3. Nenda kaihesabu ya kwako leo usiku, uanze na king'amuzi.